Mvua Ikipita, Nani Analipa Siku ya Kungojea?

Ndugu na dada, vijana wa Bukavu, Goma, Uvira na wa vijiji vyote vya milimani,

Kila mvua kubwa ikipita kwetu Kivu, swali la kwanza ni hili: nyumba ngapi zimeanguka? La pili: gari zinapita ao hazipiti? Ni mara chache sana kusikia mtu akiuliza kama baiskeli zinapita. Na hata hivyo, asubuhi ile, mbele ya kamio ya kwanza kujaribu, baiskeli ziko tayari njiani. Zinashuka na makala, na ndizi, na mihogo, na bidoni za kasigisi, katika matope ambayo hakuna aliyeyakagua. Mwenye baiskeli akifika mjini salama, wengine wanasema njia iko wazi. Asipofika, wanasema njia imekatika. Yeye njo kipimo.

Sisi hatukubali mwili wa mtu uwe kipimo cha barabara. Tunaandika leo juu ya mambo mawili: namna ya kupita na baiskeli katika njia za milima kisha mvua kali, na nani anapashwa kulipa ili mtu aweze kupita kwa akili hivyo. La kwanza bila la pili ni mahubiri tu.

Mtu wa baiskeli si mgeni kwetu. Makala unayopikia bugali, kuko siku ilipita juu ya baiskeli. Ndizi za soko, vilevile. Anayetoka Kavumu na Mudaka kuingia Bukavu, anayepanda na kushuka Ngomo kati ya Nyangezi na Kamanyola, anayefuata kando ya ziwa pande za Kalehe na Minova, wote hao wanabeba chakula cha mji. Wenzetu wa chukudu, kule Goma na Masisi, wanajua vizuri tunaongea nini. Tena siku hizi kuko watu wa diplome kati yao. Tunajua vijana waliomaliza chuo kikuu, wakatembeza dosye ofisi kwa ofisi mpaka karatasi zikachakaa, kisha wakakodi baiskeli na kuanza kubeba mizigo. Hatuongei juu ya "wale". Tunaongea juu yetu.

Mlima haumalizi kazi yake na mvua

Tarehe 4 Mei 2023, mvua iliyonyesha juu ya milima ya Kalehe ilishusha maji, udongo na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya Alhamisi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Barabara ya kitaifa namba 2, ile inayounganisha Bukavu na Goma kando ya ziwa, inapita katika eneo hilohilo. Miaka mitatu mbele yake, Aprili 2020, ni Uvira iliyolia: mto Mulongwe ulifurika, watu kwa makumi wakafa, nyumba kwa maelfu zikaharibika.

Ukisikia hesabu hizo, unaweza kufikiri hatari ni ya saa ile mvua inanyesha. Watu wa milimani watakuambia vingine. Udongo uliokunywa maji usiku kucha unakuwa mzito, na unaweza kuteremka kesho yake, jua likiwaka, watu wakiwa wamekwisha kutulia. Mahali miti ilikatwa, mahali mashamba yanalimwa juu ya mteremko mkali bila mitaro, mahali mlima ulichimbwa ili kujenga nyumba, hakuna kitu tena cha kushika udongo ule.

Na barabara yenyewe inadanganya. Mifereji ikijaa takataka na mchanga, maji yanatafuta njia yao pembeni, yanakula udongo chini ya ukingo, kidogo kidogo. Kwa juu unaona njia nzima. Kwa chini kuko tundu. Mwenye gari akipita katikati anaokoka. Mwenye baiskeli, ambaye gari zinamsukumia pembeni kila siku, ni yeye anayekanyaga mahali pale patupu.

Mambo ya kujua mbele ya kushuka

Mambo haya tuliyasikia kwa wenye baiskeli wenyewe, na mengine tuliyasoma. Muyapitishe mdomo kwa mdomo, hata kwa mtu ambaye hana simu.

*Usishuke pamoja na maji.* Mvua ikikatika, ngojea kwanza vijito vipunguke. Uliza wanaotoka kule unakoenda: mama wanaotoka shambani, motari, dereva. Ukiona mto umebadilika rangi na unaleta matawi, ukisikia mawe yanagongana chini, kaa mbali. Na kijito kikikauka ghafula wakati mvua ingali inanyesha juu ya mlima, usifurahi. Labda miti na matope vimekiziba huko juu, na siku ya kuzibuka kitashuka chote mara moja. Toka katika bonde, panda mahali pa juu.

*Maji yanayopita juu ya barabara usiyaingie.* Hata kama yanafika magotini tu. Chini ya maji yale huoni kama barabara ingali iko ao imekwisha kwenda. Na baiskeli yenye mzigo inashikwa na maji kwa ubavu, inakuvuta nayo.

*Angalia juu, si chini tu.* Nyufa mpya katika mlima, miti iliyoinama upande mmoja, vijiwe vinavyoanguka kimoja kimoja: hizo ni alama. Musipite hapo kwa kundi. Mmoja apite, mwingine asimame mahali salama akitazama mlima, tayari kupiga kelele. Na msipumzike chini ya ukuta wa udongo, hata kama kuko kivuli kizuri.

*Freni yenye maji si freni ya jana.* Ringi ikilowa, mpira wa freni unateleza. Anza kufunga mapema, kwa kugusagusa, ili matope na maji vitoke. Angalia waya na mipira kabla ya mteremko, si katikati yake. Mteremko ukiwa mrefu, usishikilie freni bila kuachilia: mpira unapata moto na unakwisha. Simama, pumzisha. Wale wanaofunga kwa soli ya kiatu juu ya pine wanajua ya kuwa siku ya mvua soli haishiki kitu.

*Shuka chini, utembee.* Penye mteremko mkali na matope, ongoza baiskeli kwa mikono. Mkiwa wawili, mmoja awe nyuma na kamba ya kuvuta. Hakuna aibu. Aibu ni sisi kuona mtu amefanya hivyo na kumcheka.

*Funga mzigo upya.* Gunia lililolowa ni zito kuliko lile ulilopakia jana. Lishushe karibu na ardhi, lilingane pande mbili. Kama mzigo unakushinda kusimamisha penye tambarare, mteremkoni utakuongoza wewe.

*Kaa mbali na ukingo wa korongo, na ogopa kona.* Maji yanaacha changarawe na mchanga katika kona, na gurudumu linateleza hapo hata siku ya jua. Kona usiyoiona mwisho wake, ipite ukitembea na ukipiga kengele ao filimbi, maana kamio inayokimbia shimo itahamia upande wako. Na wakati wa kupanda, usijining'inize nyuma ya kamio ili ikuvute. Ikiteleza kurudi nyuma, wewe uko chini yake.

*Usiku, lala kule ulipo.* Tundu lililochimbwa na maji mchana wa leo, tochi ya simu hailioni. Waya wa umeme ulioanguka nao, usiuguse na usiupitie juu, hata kama kartie nzima haina umeme saa ile.

Sasa tuseme ukweli

Soma tena mambo yote yale. Karibu kila moja linaomba kitu kimoja: muda. Ngojea, simama, tembea, lala, gawa mzigo rudi mara ya pili. Na muda, kwa mtu anayekula leo alichopata leo, ni pesa.

Tufanye hesabu pamoja. Kijana amekodi baiskeli. Mwenyewe anangojea malipo yake ya siku, mvua ama jua. Makala aliikopa kwa mchomaji, naye anataka pesa yake. Muuzaji wa soko amemwambia: ukichelewa nitanunua kwa mwingine. Kwa bariere atatoa kitu, na hapewi karatasi kila mara. Nyumbani kuko watoto. Kijana huyu akingojea siku moja njia ikauke, deni la siku ile linabaki juu ya kichwa chake. Akingojea siku mbili, ndizi zinaiva na kuoza, na deni linakuwa mbili.

Kisha sisi, wa mjini, tunamwambia: haraka haraka haina baraka. Ni methali nzuri. Lakini ni rahisi kuitoa mdomoni ukiwa umeshiba.

Kuko watu wanaosema wenye baiskeli ni vichwa ngumu, wanaambiwa wasishuke na wanashuka. Hatukubali. Mtu anayeshuka Ngomo asubuhi kisha mvua ya usiku anajua hatari kuliko sisi wote. Ameona wenzake wakianguka. Amepima hatari ya kona na hatari ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na akachagua ile isiyo hakika. Kumhubiria tu hakubadilishi hesabu yake. Kubadilisha bei ya kungojea, ndiyo.

Wengine wanasema ni mapenzi ya Mungu. Sisi pia tunasali. Lakini mfereji uliojaa takataka tangu mwaka jana haukuzibwa na Mungu. Mlima haukunyolewa miti na Mungu. Tusimpe Mungu lawama za kazi ambayo watu hawakufanya.

Na wengine wanasema Leta haina pesa. Tangu mwaka 2008 nchi yetu iko na mfuko wa kitaifa wa kutengeneza barabara, FONER, na sheria inaulisha kwa pesa ya mafuta ya gari na ya peaji. Mwenye baiskeli hanunui esansi, ni kweli. Lakini chumvi anayonunua, sabuni anayonunua, vilikuja na kamio, na bei ya esansi iko ndani yake. Amelipa barabara kama wengine. Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 nayo inamjua mwenye baiskeli. Haiwezekani ajulikane siku ya kulipa na ya kuadhibiwa tu, kisha asahauliwe siku ya kulindwa. Katiba yetu, kifungu cha 16, inasema ya kwamba mtu ni mtakatifu na Leta inapashwa kumlinda. Haikuandika: mtu aliye ndani ya gari.

Tunaomba nini

Kwa wakubwa wa Leta, kutoka kwa mkubwa wa kijiji mpaka kwa gavana, tunaomba mambo manne ambayo hayangojei mradi wa mamilioni.

Moja: kisha kila mvua kali, njia ya mlima ifungwe na ifunguliwe na mtu anayejulikana. Kamba moja, watu wawili pande mbili, na tangazo kwa radio ya pale na kwa simu: njia imefungwa, itaangaliwa saa fulani. Tangazo liseme pia habari ya baiskeli na ya watembea kwa miguu, si ya gari tu. Mtu anayejua njia itaangaliwa saa nane anaweza kungojea saa nane. Asiyejua kitu anaondoka.

Mbili: siku njia imefungwa na siku zinazofuata, hakuna makuta yanayoombwa kwa mwenye baiskeli kwenye bariere. Kwanza tungependa kuona sheria gani inayoruhusu kuyaomba siku zingine.

Tatu: daraja likivunjika, kitu cha kwanza kujengwa kiwe njia ya miguu na ya baiskeli, yenye mbao imara na kamba za kushikilia pande zote mbili. Inajengwa kwa siku chache, na watu wa pale wanajua kuijenga. Leo watu wanaachwa wavuke juu ya magogo mawili yanayoteleza, huku wote wakiongea juu ya daraja la kamio ambalo halijulikani litakuja lini.

Ine: vijana wa kando ya barabara waajiriwe na walipwe kusafisha mifereji na kuziba matundu, mbele ya mvua kurudi, mwezi wa saba na wa nane, udongo ukiwa mkavu. Wazee wetu wanakumbuka kantonye, mtu wa kazi hiyo, kila mmoja na kipande chake cha barabara. Hatuombi kurudi zamani. Tunaona majembe yako, barabara iko, mashomeri tuko kwa maelfu, na kati yetu kuko waliosoma ujenzi wa barabara na maji. Kinachokosa ni mtu wa kutia sahihi na kulipa, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila mtu aisome.

Kwa wenye kukodisha baiskeli tunasema: siku njia imefungwa, musidai malipo ya siku. Baiskeli ikianguka kwenye korongo, munapoteza zaidi. Kwa wanunuzi wa sokoni tunasema: mzigo uliochelewa kwa sababu ya mlima upokelewe kwa bei ileile. Na kwa wateja, maana yake sisi sote: siku ile makala ikipanda bei kidogo kwa sababu watu walingojea njia ikauke, tusitukane. Hiyo bei kidogo ndiyo sehemu yetu ya siku ya kungojea.

Na sisi vijana wa mjini tunafanya nini

Hatutaki kuwa watu wa kuomba tu. Kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu.

Kila kikundi chetu kichukue kipande kimoja cha njia kinachotoka milimani na kuingia mjini. Mufahamiane na wenye baiskeli wanaopita hapo. Chukueni namba za simu za wale watakaopenda. Mvua ikipita, aliye juu aandike kwa kikundi: mahali gani, saa ngapi, ameona nini. Picha iwe ya siku ile. Habari usiyoiona kwa macho yako, sema hukuiona. Uongo mmoja wa "njia iko wazi" unaweza kuua.

Salongo yetu ianze kwenye mifereji ya njia hizo. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa sisi juu ya mji ndivyo vinavyoziba maji na kuyasukuma juu ya barabara. Hapa hatuna mkubwa wa kumtupia lawama.

Na kila mtu anayeanguka kisha mvua aandikwe: mahali, siku, alikuwa na kitu gani, barabara ilikuwa vipi. Kwa heshima, na kwa ruhusa ya jamaa yake. Leo ajali za baiskeli milimani zinapita kimya, na mtu akikwambia ni chache huna cha kumjibu. Tukiwa na daftari, tutakuwa na jibu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa. Daftari hilo njo litakuwa ombi letu. Tutalipeleka mchana, kwa amani, bila jiwe na bila tusi, na tutarudi kuuliza jibu mpaka lipatikane.

Mvua inarudi mwezi wa tisa, kama kila mwaka. Inatukuta kila mara tukiwa tumeshangaa, kama vile haikutuambia. Mara hii itukute mifereji imesafishwa, kamba iko tayari, namba za simu ziko, na yule kijana wa makala akijua ya kwamba akikaa siku moja juu ya mlima kungojea njia ikauke, watoto wake watakula siku ile.

Mupitishe habari hii. Muisome kwa sauti pale baiskeli zinapopumzika. Na mutuandikie kipande gani cha njia kikundi chenu kinachukua.